Kabla hujachomwa fila: muulize ana dawa ya kuiyeyusha?

Wadau, wiki iliyopita dada mmoja msomaji wetu kaniandikia. Send-off yake Jumamosi, Alhamisi ana miadi saluni akajazwe midomo na mashavu, na nusu ya hela keshalipa. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, bei hii sio kubwa?" Nikamjibu bei ndiyo kitu cha mwisho cha kuuliza. Maana maswali ya hivi yamekuwa mengi, naweka hapa niliyoyasoma kwenye maelekezo ya wanaosimamia mambo haya. Mimi si daktari.

Kwanza tuelewane, fila siyo Botox. Botox inalegeza misuli ili mikunjo ipungue. Fila ni jeli inayoingizwa chini ya ngozi ijaze. Inayotumika zaidi ni ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho, na kule Marekani FDA iliruhusu ya kwanza ya aina hiyo, Restylane, Desemba 2003. Inakaa miezi 6 hadi 18 hivi halafu inaisha. Bomba moja kwa kawaida lina mililita 1, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Ndiyo maana watu wanaona ni kitu kidogo tu, kama kutoboa masikio.

Sasa tatizo liko hapa. Uso umejaa mishipa ya damu. Jeli ikiingia ndani ya mshipa inaziba njia, na ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule inaanza kufa. Tena mishipa ya puani, katikati ya nyusi na ya paji la uso imeungana na ile inayopeleka damu machoni. Jeli ikirudi nyuma ikafika huko, mtu anapofuka pale pale kitandani, na mara nyingi haponi. Haitokei mara nyingi, lakini inatokea, na FDA walishatoa onyo mwaka 2015. Hata bingwa inaweza kumkuta. Tofauti ya bingwa na fundi wa mtaani inaonekana katika dakika zinazofuata.

Fila ya hayaluroniki ina dawa ya kuiyeyusha, inaitwa hayaluronidesi. Inachomwa pale pale, kwa wingi, haraka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyo anayetaka kukuchoma ni: "Dawa ya kuyeyusha unayo hapa? Nionyeshe." Sio "nitaagiza", sio "iko kwa rafiki yangu Kariakoo". Swali la pili: "Mshipa ukiziba utafanya nini, na utanipeleka hospitali gani?" Anayejua atakujibu bila kukasirika. Na kama anachotaka kukuwekea ni silikoni ya maji au kitu cha kudumu, ondoka, kwa sababu hiyo haina dawa ya kuiyeyusha.

Hapa kuna jambo ambalo picha za wazungu mtandaoni hazituonyeshi sisi. Dalili ya mshipa kuziba wanasema ni ngozi kuwa nyeupe ghafla. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo unaweza kuonekana kama rangi ya majivu, au usionekane kabisa. Mwenye ujuzi anabonyeza ngozi kwa kidole, anaachia, anaangalia damu inarudi upesi au inachelewa. Anachungulia na ndani ya mdomo. Muulize amewahi kuwachoma watu wangapi wenye ngozi kama yako, na kama ukoo wenu mna makovu yanayovimba, mwambie mapema.

Tuje kwenye vyeti. Cheti cha kozi ya siku mbili kilichowekwa fremu ukutani, hata kiwe cha London au Dubai, siyo leseni. England kwenyewe kwa miaka mingi hata asiye mtaalamu wa afya ameweza kuchoma fila bila kuvunja sheria. Oktoba 2021 ndipo walipopiga marufuku kuwachoma walio chini ya miaka 18. Kwetu Bara daktari lazima awe kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar wana baraza lao, na Kenya ni KMPDC. Chukua jina lake kamili, sio jina la Instagram, ukaliulizie huko. Halafu uliza ubingwa wake: ngozi, au upasuaji rekebishi? Tusiseme hatuna watu, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi kimekuwepo tangu 1992. Ila ubingwa wa ngozi peke yake hautoshi, awe amejifunza na kuchoma fila.

Boksi lifunguliwe mbele yako likiwa limefungwa kiwandani, usome tarehe ya kuisha na namba ya toleo, na ubaki na stika yake moja. Kwa Tanzania vitu hivi viko chini ya TMDA. Ile tabia ya mashoga wawili kuchangia bomba moja, nusu wewe nusu mimi, jamani acheni. Hiyo ni njia ya kupeana homa ya ini na UKIMWI. Na zile kalamu zinazosukuma jeli bila sindano FDA walionya watu wasizitumie Oktoba 2021, lakini bado zinauzwa mtandaoni.

Mjamzito asubiri. Mwenye kidonda au kipele usoni asubiri pia. Anayemeza dawa za kuyeyusha damu aseme kabla.

Na usichomwe siku mbili kabla ya sherehe! Uvimbe na kuvilia damu vinaweza kukaa hadi wiki mbili. Ukitoka pale ukasikia maumivu makali yanayoongezeka, ngozi ikawa na mabaka kama wavu, au jicho likaona giza, usingoje kesho wala usikandekande na barafu. Mpigie aliyekuchoma huku uko njiani kwenda hospitali.

Yule dada alikwenda kuuliza swali la dawa ya kuyeyusha. Fundi kamjibu, "We vipi, unaniletea mkosi?" Hela yake ya nusu hajarudishiwa mpaka leo. Send-off ilifanyika, midomo yake ile ile.