Hesabu Kabla ya Kalamu: Masomo, Ajira na Manunuzi katika Gungu na Mwambao wa Ujiji

Historia ya Gungu na miji jirani ya Kigoma na Ujiji imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata nyayo za wageni: Richard Burton na John Speke waliofika Februari 1858, David Livingstone na Henry Morton Stanley waliokutana Ujiji mwaka 1871, kisha Wajerumani walioifikisha reli ukingoni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yameliacha kando jambo lililokuwa zito zaidi kwa wenyeji wenyewe, yaani namna mtu wa kawaida alivyofundishwa, alivyopata kazi na alivyonunua mahitaji ya nyumba yake. Katika mwambao huu mambo hayo matatu hayakutengana, kwa kuwa kila utawala ulioingia ulikuja na fedha yake, na kila fedha mpya iliwalazimu watu kujifunza hesabu mpya kabla hawajaweza kuajiriwa au kununua hata kibaba cha chumvi.

Gungu ya leo ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, lakini katika maandishi ya Burton inatajwa kuwa sehemu mojawapo ya nchi ya Ujiji, yenye mkuu wake. Nchi hiyo ilikuwa ya Wajiji, watu walio karibu sana na Waha kwa lugha na kwa mila. Juu kabisa alikuwapo mwami, mtawala aliyekaa milimani mbali na ziwa. Chini yake walikuwapo watwale, yaani wasaidizi waliotawala maeneo kwa niaba yake, na pembeni yao wateko, wazee wa ardhi waliogawa mashamba na kusimamia matambiko. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani ya Bahari ya Hindi walianza kufika yapata mwaka 1840. Hawakuanzisha biashara ya mwambao huu, bali waliikuta, kwa sababu samaki wakavu, mawese, majembe ya chuma ya Uha na chumvi ya Uvinza vilikuwa vikibadilishana mikono tangu zamani.

Chumvi inastahili kuelezwa kwanza, kwa kuwa ndiyo bidhaa iliyowafundisha wengi maana ya kazi ya msimu. Chemchemi za Uvinza, karibu na mahali mito Ruchugi na Malagarasi inapokutana, zimetumiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, kama uchimbaji wa wanaakiolojia wa mwaka 1967 ulivyothibitisha. Kila kiangazi familia kutoka Uha, Unyamwezi na mwambaoni zilipiga kambi huko, zikachota maji ya chumvi, zikayachemsha katika vyungu mpaka yakauke, kisha zikawakabidhi wakuu wa Uvinza sehemu ya mavuno ikiwa ushuru, na iliyobaki zikaifunga mizigo ya kwenda sokoni. Kijana aliyekwenda Uvinza kwa mara ya kwanza alirudi akijua kiasi cha kuni kinachotosha chungu kimoja, siku ambazo mzigo unahitaji na sehemu ambayo mkuu angeichukua. Kwa maneno mengine, alirudi akijua gharama, kodi na faida, ingawa hakuna aliyemwandikia somo hilo ubaoni.

Somo la pili lilikuwa soko la Ujiji lenyewe. Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyefika Februari 1874, aliukuta huko utaratibu ambao wasafiri wengine waliupita haraka. Fedha ya soko ilikuwa sofi, shanga zenye umbo la vipande vidogo vya shina la kiko lililovunjika. Soko lilipofunguliwa, watu maalumu wenye mikoba iliyojaa sofi walizitoa kwa wanunuzi na kupokea shanga za aina nyingine, na soko lilipofungwa walizipokea tena sofi hizo kutoka kwa wauzaji, wakipata faida kidogo asubuhi na faida nyingine jioni. Hao walikuwa wabadilishaji fedha kwa maana kamili, na kazi yao ilidai kumbukumbu, uaminifu na hesabu za haraka kiasi kwamba ni vigumu kukubaliana na waandishi waliodhani kwamba watu wa mwambao hawakuwa na elimu kabla ya shule za wageni.

Vipimo vya njia ya misafara viliongeza ugumu. Shanga za kawaida zilipimwa kwa khete, yaani uzi wa shanga uliozungushwa mara mbili kutoka kidole gumba hadi kiwiko, na khete kumi zilifanya fundo moja. Nguo zilipimwa kwa mikono: mikono minne ilikuwa shuka, shuka mbili zilikuwa doti, na doti kadhaa zilifanya jora, ambalo ni gora zima la kitambaa kama merikani, nguo ya pamba iliyopata jina lake kutokana na Marekani ilikotoka. Kwa vile mkono wa mtu mmoja si mrefu sawa na wa mwingine, kila ununuzi ulikuwa pia majadiliano juu ya mkono wa nani utumike, na mama aliyetaka kununua mawese kwa vipande vya nguo alilazimika kujua thamani ya nguo kwa sofi, na ya sofi kwa kibuyu cha mafuta, katika siku hiyohiyo, kwani viwango vilipanda na kushuka kila msafara mkubwa ulipowasili.

Ajira ya wakati huo ilikuwa ya kubeba na ya kupiga makasia. Wapagazi walikodiwa kwa safari za nchi kavu, na wapiga makasia kwa mitumbwi iliyovuka kwenda Ugoma na Manyema, magharibi ya ziwa, na wote walipokea posho, yaani chakula au kitu cha kununulia chakula njiani, pamoja na ujira uliopatanwa kabla ya kuondoka. Haifai, hata hivyo, kuipamba picha hiyo. Ujiji ilikuwa pia soko la watumwa, na wengi wa waliopiga makasia au kubeba pembe za ndovu hawakupatana ujira wowote kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamenunuliwa. Wamanyema, ambao leo ni sehemu kubwa ya wenyeji wa Ujiji, wana mababu walioletwa kutoka magharibi ya ziwa kwa njia hiyo, na wengine waliokuja kwa hiari wakifuata biashara. Historia ya manunuzi katika mwambao huu haiwezi kuandikwa kwa haki bila kukumbuka kwamba kwa miongo kadhaa mtu naye alikuwa na bei.

Elimu ya maandishi iliingia kwa mlango wa dini. Katika chuo cha Kurani mtoto aliandika aya juu ya ubao wa mti kwa wino, akaikariri mpaka mwalimu akaridhika, kisha akauosha ubao na kuandika aya inayofuata; hiyo ndiyo kazi ya shule ya kwanza iliyojulikana Ujiji. Malipo ya mwalimu yalikuwa zawadi na utumishi, kwa maana kwamba wanafunzi walimtekea maji, walimkatia kuni na kumlimia shamba. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadri Weupe, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, walifika Januari 1879, lakini Waislamu wa Ujiji tayari walikuwa na vyuo vyao, na wamisionari hao walihamishia nguvu zao sehemu nyingine za ziwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Wajerumani, walioweka kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896. Sheria ya kodi ya nyumba, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1898, ilimtaka mwenye nyumba atoe rupia au kitu au kazi yenye thamani hiyo, na kwa hatua hiyo moja sofi zikapoteza nguvu zake, kwa sababu serikali haikuzipokea. Rupia yenyewe iligawanywa kwanza kwa pesa 64, kisha tangu 1904 kwa heller 100, hivyo mtu aliyekwisha kuzoea kugawanya kwa 64 alitakiwa aanze upya. Kodi hii ndiyo iliyozaa mwajiriwa wa kisasa: mtu aliacha shamba lake si kwa sababu alikosa chakula, bali kwa sababu alikosa sarafu. Wengi walizipata sarafu hizo katika ujenzi wa reli ya kati, iliyojengwa na kampuni ya Philipp Holzmann kwa umbali wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na katika uunganishaji wa meli Graf von Goetzen, iliyotengenezwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande katika masanduku yapatayo 5,000, na kushushwa majini Kigoma Februari 1915. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaopolewa na Waingereza, na tangu 1927 imeitwa Liemba.

Jeshi la Wabelgiji liliitwaa Kigoma Julai 1916 na utawala wao ukadumu hadi 1921, kipindi ambacho faranga za Kongo ziliingia sokoni kando ya rupia zilizobaki. Baada yao Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Mzee aliyezaliwa Gungu wakati wa safari ya Cameron angeweza, kabla ya kutimiza miaka 50, kununua samaki kwa sofi, kwa rupia ya pesa, kwa rupia ya heller, kwa faranga na kwa shilingi. Ni wasomi wachache wa darasani waliowahi kupewa mtihani wa hesabu mrefu kiasi hicho.

Chini ya Waingereza ramani ya ajira ilipanuka, lakini kwa upande mmoja tu. Bandari na reli zilihitaji makarani, wapakiaji na mafundi wachache, na vijana wachache waliofaulu walipelekwa shule ya serikali ya Tabora ili wawe makarani na walimu. Waliobaki, hasa Waha wa Kasulu na Kibondo, walihesabiwa na serikali kuwa hazina ya vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Walipanda treni Kigoma wakiwa na mkataba na namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na tangu 1944 uajiri wao ulisimamiwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU. Aliyerudi salama alirudi na nguo mpya, blanketi, pengine baiskeli, na vitu hivyo vilionwa na wadogo zake kabla hawajaona kitabu chochote. Kwa watoto wengi wa mkoa huu, tangazo la kazi la kwanza lilikuwa baiskeli ya kaka.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kuugeuza mpangilio huo. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 iliingiza shamba la shule katika ratiba, jambo ambalo wazee waliosoma chuo cha Kurani hawakuliona geni, na Azimio la Musoma la 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa kila mtoto, iliyotangazwa nchini kote 1977. Tangu 1972 Operesheni Kigoma ilikuwa imewahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ambako shule na duka la kijiji vilipangwa kuwa jirani. Shule zilijaa, maduka hayakujaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na daftari vilipatikana kwa foleni na kwa kibali, na mwambao ukarudia njia yake ya kale ya kuvuka maji, ambapo vitenge vilikuja kutoka Zaire (Kongo ya leo) na Burundi, dagaa na chumvi vikaenda, na sabuni ikapikwa majumbani kwa mawese. Kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walioshtakiwa kwa kuficha bidhaa au kuzilangua, iliwakamata pia watu wadogo ambao kosa lao lilikuwa kufanya yale ambayo babu zao waliyafanya kabla mpaka haujachorwa katikati ya ziwa.

Wakimbizi wa Burundi tangu 1993 na wa Kongo tangu 1996 walileta aina nyingine ya ajira. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika yaliyoambatana nalo yaliajiri madereva, walinzi, makarani na wakalimani, na kwa mara ya kwanza barua ya maombi ya kazi ikawa na uzito kuliko kujuana na nahodha au mkuu wa stesheni. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kuanzia 2008, malipo kwa simu yalienea nchini, na wakala aliyekaa kibandani akitoa fedha taslimu asubuhi na kuzipokea jioni kwa ada ndogo akashika nafasi ambayo Cameron angeitambua mara moja.

Hata hivyo nyumba nyingi za Gungu na za Kibirizi, kata nyingine ya manispaa hiyo, bado hupanga matumizi yake kwa mwezi wa angani kuliko mwezi wa mshahara. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani mienge na karabai, sasa taa za betri na za jua, kwa sababu mwanga huwavuta juu. Mbalamwezi inapong'aa, wavuvi hupumzika na fedha hukoma. Sare, daftari na michango ya shule hununuliwa katika wiki za giza, na mwanafunzi wa familia ya uvuvi anayechelewa kuleta alichoagizwa mara nyingi anangoja mwezi uzame, jambo ambalo ratiba ya elimu ya taifa haijawahi kulitilia maanani. Mwaka 1973 serikali ilifuta ada ya shule za msingi, ikairejesha baadaye, ikaifuta tena kuanzia 2001, na ya sekondari za kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, lakini gharama za sare na vifaa zilibaki nyumbani. Ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, hatua yenye msingi mzuri wa uhifadhi, muhula wa pili wa masomo ulifunguliwa Julai ikiwa bado imebaki zaidi ya mwezi mmoja kabla ya taa za kwanza kuwashwa tena majini.