Jina la Mchele Unukiao

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli, lakini historia ya mchele wa basmati hutufunza jambo la pili: jina la chema laweza kuuzwa na mtu asiyelitolea jasho.

Punje za mchele huo ni nyembamba na ndefu. Zipikwapo hurefuka kuliko kunenepa, na harufu yake hutangulia sinia mlangoni. Kwa harufu hiyo uliitwa basmati, neno la Kihindi lenye asili katika Kisanskriti, maana yake "wenye kunukia". Kwao ni chini ya milima ya Himalaya, katika nchi ambayo mwaka 1947 iligawanywa kuwa India na Pakistan. Mshairi Waris Shah wa Punjab alilitaja jina hilo katika utenzi wake wa Heer, mwaka 1766.

Mwaka 1997 kampuni ya RiceTec ya Texas, Marekani, ilipewa hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, juu ya mchele wa namna ya basmati. India ilipinga kwa ushahidi. Kampuni ikaacha madai yake mengi, na mwaka 2001 ikabakiwa na haki juu ya mbegu chache ilizozizalisha yenyewe. Hata hivyo, Marekani haikukubali kuwa jina basmati ni mali ya nchi fulani. India ikalisajili kwao mwaka 2016, Pakistan nayo mwaka 2021. Hivyo jina moja likawa na wadai wawili, kama shamba la urithi.

Kenya nasi tumo katika habari hii. Mchele wetu wa Mwea huitwa pishori, jina lililotokana na mji wa Peshawar. Na mbegu yake maarufu, Basmati 370, ilitolewa Punjab mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 mifereji ya Mwea ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu wa zama za Hali ya Hatari. Basi jina pishori lina safari ya mbali ndani yake, na jasho la karibu. Mchuuzi achanganyaye pishori na mchele hafifu, kisha akauza wote kwa jina hilo, hamwibii mnunuzi peke yake. Humwibia na mkulima. Jina jema ni akiba ya wengi, na akiba hulindwa.