Mahakama Haipitii, Huhakiki

Nimeletewa kijitabu cha Kiswahili kilichoandikiwa Wakongo walioomba hifadhi Marekani wakanyimwa. Ukurasa wa kwanza unasema aliyekataliwa na jaji wa uhamiaji akate rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji. Sawa. Ukurasa wa pili unasema Bodi nayo ikimkatalia, akate "rufaa" mahakama ya shirikisho. Ukurasa wa tatu, bila shaka kwa mkono wa mfasiri mwingine, jambo lile lile limegeuka "mapitio ya mahakama". Msomaji asiye na wakili atahesabu milango mitatu, kumbe ni miwili.

Rufaa tumeitoa kwenye Kiarabu, rafaa, yaani kuinua. Shauri huinuliwa, na aliye juu aweza kuliamua upya. Katika madai haya ya hifadhi mahakama ya shirikisho haina uwezo huo. Haisikilizi shahidi mpya wala haipokei barua iliyofika jana kutoka Bukavu. Inasoma jalada lile lile. Kwa sheria ya Kongresi, Bodi ilivyoona ukweli wa mambo ndivyo ulivyo, ila pale ambapo mwamuzi yeyote mwenye busara angelazimika kuona kinyume. Mahakama ikikuta kosa, kwa kawaida hurudisha jalada kwa Bodi.

Na mapitio? Pita, pitia, mapitio. Mimi hupitia gazeti nikinywa kahawa. Mwenyekiti hupitia kumbukumbu za kikao huku anasinzia. Isitoshe, mawakili wetu wenyewe hawajaafikiana lini waseme mapitio na lini marejeo.

Neno ni uhakiki. Shina lake ndilo lililotuzalia haki, hakika na stahiki: ukoo mzima wa mahakamani, haukuhitaji kualikwa. Bwana mmoja wa kamati ya istilahi, aliyekwisha kunywa chai ya vikao vingi kuliko nilivyoandika makala, alinijibu kwamba uhakiki ni wa fasihi. Vizuri! Mhakiki haandiki riwaya upya. Huonyesha ilipopasuka, akamrudishia mwandishi. Na asiyesoma riwaya amuulize mwalimu yeyote wa Tanzania aliyewahi kupeleka vyeti vyake kuhakikiwa kama alidhani vinapitiwa tu.

Mwaka 2020, katika shauri la Nasrallah dhidi ya Barr, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hata mhamiaji aliyetiwa hatiani kwa jinai anaweza kupinga mahakamani jinsi Bodi ilivyopima ukweli wa hofu yake ya kuteswa, ila kwa kipimo kile kile kigumu. Uhakiki mtupu. Anayetaka kuuita rufaa na auite, mimi simo.

Kwa matumizi: andika "ombi la uhakiki", liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu amri ya mwisho ya kuondolewa nchini, na kuliwasilisha peke yake hakuzuii kuondolewa.

Kijitabu hicho pia kinataja "Mkataba dhidi ya Mateso". Utesaji, jamani! Mateso hata ukame huleta. Mkataba wa 1984 unamtafuta mtesaji, tena mwenye mkono wa serikali nyuma yake, hata kama serikali hiyo imefumba macho tu. Hilo nalo niliwaandikia wanakamati zamani. Nimeambiwa barua yangu bado inapitiwa.