Kilima Kisichokuwepo: Grafu kama Ufahamu katika Shule za Msingi za Eldoret

Chora ubaoni mhimili mlalo wa dakika na mhimili wima wa kilomita. Kisha chora mstari unaopanda, unaolala bapa kwa muda, halafu unaopanda tena. Waambie wanafunzi wa Gredi ya 6 mjini Eldoret kwamba mstari huo unaonyesha safari ya mkimbiaji aliyeondoka Kaptagat alfajiri, na uwaulize alifanya nini pale katikati. Jibu litakalotangulia ni kwamba alipanda mlima, akafika tambarare, akapanda tena. Anayejibu hivyo hana upungufu wa akili. Anaishi kwenye uwanda ulioinuka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na picha ya wakimbiaji wakiukwea ukingo wa Bonde la Kerio kuelekea Iten si ngeni kwake. Ameitazama grafu kama mtu anavyotazama mandhari, na mandhari anayoijua ina vilima. Kumbe mkimbiaji alikuwa amesimama tu, pengine akifunga kamba za viatu.

Mtafiti Claude Janvier alilieleza kosa hili katika tasnifu yake ya mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Nottingham, akitumia grafu ya kasi ya gari la mashindano: wanafunzi walidhani umbo la mstari ndilo umbo la barabara. Tangu hapo kosa hilo limeonekana katika nchi nyingi, nasi hatuna sababu ya kujidhania tofauti. Linalonishughulisha ni jinsi tunavyolitibu. Desturi ni kumwongezea mtoto mazoezi ya kuchora: rula, penseli iliyochongwa vizuri, nafasi sawa kati ya pau, kichwa kilichopigiwa mstari. Mtoto anatoka na grafu safi asiyoweza kuisemea lolote. Nadai kwamba grafu ni matini, na kwamba kuifasiri ni kazi ya ufahamu. Kwa hiyo somo la Kiswahili lina haki ya kuishika, tena lina wajibu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, umeipa data nafasi yake katika hisabati ya shule ya msingi, na waandishi wake hawakusahau neno kufasiri. Tatizo ni kile kinachoulizwa mwishoni. Tathmini ya mwisho wa shule ya msingi, KPSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ina maswali ya kuchagua jibu, na swali la aina hiyo hupenda kuuliza ni siku gani maziwa yaliuzwa kwa wingi au tofauti ya Jumatatu na Alhamisi ni lita ngapi. Frances Curcio, katika utafiti aliouchapisha Marekani mwaka 1987, alitofautisha ngazi tatu: kusoma data yenyewe, kusoma kati ya data, na kusoma zaidi ya data. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa ngazi hizo. Ana maswali ya jibu lililo wazi katika kifungu, ya kulinganisha aya na aya, na ya kile ambacho mwandishi hakukisema ila amekidokeza. Curcio alionyesha pia kwamba uelewa wa mtoto hutegemea anachokijua tayari kuhusu mada ya grafu, mbali na hesabu na umbo la grafu yenyewe. Hapo ndipo Eldoret inapokuwa na utajiri.

Mwaka 2018, mjini Berlin, Eliud Kipchoge alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Mwaka 2022, Berlin hiyo hiyo, alitumia saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Chora pau mbili za dakika, mhimili wima ukianzia sifuri, nazo zitalingana kwa macho. Sasa anzisha mhimili huo kwenye dakika ya 121. Upau wa 2018 utakuwa na urefu wa zaidi ya mara nne ya upau wa 2022, maana tunachochora sasa ni sekunde 39 dhidi ya sekunde 9. Hakuna nambari iliyoghushiwa. Aliyechagua pa kuanzia amechagua pia habari itakayosomwa. Kisha kuna mtego wa pili. Upau mfupi ndio ushindi. Mtoto aliyezoeshwa kwamba mrefu ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye bora, atamvika medali asiyestahili.

Nenda naye mbele kidogo, uzigawe mbio hizo nusu kwa nusu. Mwaka 2018 Kipchoge alikimbia nusu ya kwanza kwa dakika 61 na sekunde 6, na ya pili kwa dakika 60 na sekunde 33. Mwaka 2022 alianza kwa dakika 59 na sekunde 51, akamalizia kwa dakika 61 na sekunde 18. Marehemu Kelvin Kiptum, alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni Chicago mwezi Oktoba 2023, alitumia dakika 60 na sekunde 48, kisha dakika 59 na sekunde 47. Nambari sita tu, lakini nani aliongeza mwendo na nani alichoka? Kwa nini aliyepunguza mwendo mwaka 2022 bado alimaliza mapema kuliko yeye mwenyewe wa 2018? Darasa ambalo nusu yake inaota kukimbia halitanyamaza.

Na likizungumza, litazungumza kwa lugha gani? Sera inaruhusu lugha ya eneo hadi Gredi ya 3, ambayo katika mji mchanganyiko kama huu mara nyingi ni Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4 hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, wakati ule ule data inapoanza kuwa nzito. Mtoto anapokonywa maneno siku anapoyahitaji zaidi. Maana kufasiri grafu kunaning'inia kwenye maneno madogo. Bei ya gunia imepanda kwa shilingi 500, au imepanda hadi shilingi 500? Bei ilizidi kupanda, au ilipanda kwa kasi iliyopungua? Mkulima wa eneo hili anajua kwamba mahindi huwa rahisi baada ya mavuno na kwamba yatapanda bei kabla ya mavuno mengine. Mwanawe anajua kwamba baba aliuza Novemba hata hivyo, kwa sababu Januari kuna karo. Ujuzi huo upo kwa Kiswahili, au kwa Kikalenjin, na grafu ya bei bila ujuzi huo ni mstari wa wino.

Msamiati wenyewe tunao, tena wa kupendeza. Maneno mhimili na upau yametoka kwa fundi wa nyumba: mhimili hubeba, upau huezekewa. Sijui kwa nini hatuwaambii watoto hivyo. Wangeelewa upesi kwamba anayekagua pau bila kukagua mhimili anasifu paa la nyumba asiyojua imesimama juu ya nini.

Mwalimu wa hisabati atapinga akisema kwamba mtihani uko kwa Kiingereza na vipindi havitoshi. La kwanza ni kweli, ila mtoto aliyekwisha kuelewa jambo hujifunza jina lake jipya kwa siku moja, na asiyelielewa hukariri majina mawili. La pili lina nguvu zaidi, ndiyo maana sidai kipindi kipya. Kipindi cha ufahamu kipo, na mara nyingi katika shule zetu za msingi anayekifundisha ndiye huyo huyo anayefundisha hisabati. Abadilishe kifungu kimoja tu kwa mwezi, aweke grafu mahali pake.

Anayedhani haya ni mambo ya watoto akumbuke Agosti 2022, vituo vya televisheni vilipokuwa vikionyesha pau za matokeo ya urais, kila kimoja na mgombea wake aliyeongoza. Fomu za matokeo kutoka vituo vya kupigia kura zilikuwa zile zile. Kila chumba cha habari kilizijumlisha kwa mpangilio wake. Swali lililohitajika ni fomu ngapi zimehesabiwa na za wapi. Mwishowe William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, lakini katikati ya hesabu watu wazima wenye shahada walikuwa wakitukanana kwa sababu ya urefu wa pau.

Kifungu cha kwanza ningekitoa kwenye Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kile kinachohifadhiwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ndani yake kuna grafu: miezi chini, kilo pembeni, na vitone vya kalamu ya muuguzi. Mtoto anaweza kubaki na kilo zile zile kwa miezi mitatu bila kupoteza hata gramu, na muuguzi akakunja uso, kwa kuwa mstari uliopaswa kupanda umelala. Ubapa ule ule ambao kwa mkimbiaji ni mapumziko, hapa ni ishara ya hatari. Sipendekezi watoto walete vijitabu vya nyumbani. Uzito wa mtu si wa kutangazwa darasani, na wapo watakaochekwa. Mwalimu achore mwenyewe mstari wa mtoto asiye na jina, aulaze kati ya mwezi wa nane na wa kumi na moja, kisha aulize kilichotokea. Darasani, katika mitaa ya Eldoret kama Langas au Huruma, majibu yatamiminika: aliharisha, mama alirudi kibaruani, ng'ombe alikauka maziwa, alizaliwa mwingine.