Mtoto akinyamaza, ametulia kweli? (Sehemu ya 4)

Mama, leo nakupeleka Uingereza, miaka ya 1950. Enzi hizo mtoto akilazwa, mama anaachwa mlangoni. Kumwona ni kwa saa maalumu, na wodi nyingine si kila siku. Kwa nini? Manesi waliona mtoto akimwona mama analia, mama akiondoka baadaye ananyamaza. Wakasema: amezoea.

James Robertson, aliyefanya kazi na Dkt. John Bowlby, hakukubali. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya Laura, mtoto wa miaka 2 aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Laura halii sana. Anajikaza, anamuulizia mama, na mama akija anageuza uso. Robertson alieleza kwamba mtoto kwanza hulia na kupinga, kisha hukata tamaa, mwisho hujifunga moyo. Hiyo ya mwisho ndiyo wodi ziliita utulivu! Wataalamu wengi waliikasirikia filamu (nani anapenda kuambiwa?). Lakini mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto bila vizuizi vile, na mama wa mtoto mdogo aweze kulazwa naye.

Kwetu mama kulala wodini na mwanawe ni kawaida. Ila ile imani kwamba kunyamaza ndiyo kutulia bado tunayo. Kliniki naisikia: "Nyamaza, nesi atakuchoma sindano!" "Mwanaume halii!" Basi mtoto ananyamaza. Nikimuuliza panapouma, hasemi, maana nimeshageuzwa adhabu. Na mimi namhitaji aseme, jamani, tumbo lake silioni kwa ndani.

Sisi manesi tukimgombeza mama mbele ya foleni, tunamfanyia yale yale anayomfanyia mtoto. Mimi huchuchumaa, naongea na mtoto mwenyewe: "Unaogopa eh? Itauma kidogo, mama atakushika." Mama anasikia kwamba maneno mengine yapo. Kisha nampa kazi: mpakate, mwimbie. Mtoto akitulia namwambia, "Umeona? Sauti yako ndiyo imemtuliza." Habari ya vitisho tunaiongea mwishoni, taratibu, wakati najaza kadi.

Nawe ukija, mwambie mwanao ukweli mkiwa bado njiani. Akilia mkononi mwangu, mwache alie. Sisi tumezoea kelele.