Kwa nini Tanzania nzima iliimba Kihaya? Tuchambue "Chambua kama Karanga"

Fanya jaribio dogo. Kwenye daladala, ofisini au kwenye grupu la familia, taja maneno mawili tu: Maria Salome. Kuna mtu ataanza kuimba. Sasa muulize beti zinasema nini. Kama hatokei Bukoba, Muleba au jirani zake, uwezekano mkubwa ni kwamba atacheka, atainua mabega na kuendelea na kiitikio.

Hapo ndipo penye swali la leo. Wimbo wa Saida Karoli, msanii wa Bukoba Vijijini, ulitoka 2001. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa na bado unapigwa harusini. Umeimbwa na watu wengi ambao Kihaya hawakijui. Inakuwaje wimbo udumu hivyo vichwani mwa watu wasioelewa maneno yake? Na je, kinachodumu ni wimbo wote au kipande tu? Twende taratibu.

Ilikuwaje 2001

Kumbuka hali ya muziki wakati ule. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ilikuwa ya serikali, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi, na Radio One ikaanza 1994. Kufikia 2001 vituo vilikuwa vingi na vyote vilikuwa na njaa ya nyimbo mpya za nyumbani. Wasambazaji wa Kariakoo walikuwa wakiuza kanda za kaseti nchi nzima, na mtu mwenye redio ya deki mbili aliweza kumdurufia jirani yake usiku huohuo.

Vijana wa bongo fleva ndio waliokuwa wakishika kasi. Mwaka huohuo wa 2001 Profesa Jay alitoa albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu. Mashairi marefu ya Kiswahili cha mtaani yalikuwa ndiyo habari ya mjini. Katikati ya hayo anatokea mwanamke anayeimba kwa lugha ya kwao, ngoma mbele, waitikiaji nyuma. Kwa hesabu za biashara ilitakiwa wimbo huo uishie Kagera. Haikuwa hivyo.

Kuna jambo la kisheria ambalo wengi hatulifikirii. Vituo vya redio vya Tanzania vinatakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Huwezi kuwa na taarifa ya habari ya Kihaya, wala kipindi cha asubuhi cha Kisukuma. Lengo lake linaeleweka: taifa lenye lugha zaidi ya mia moja lilitaka lugha moja ya kuwaunganisha watu. Ila matokeo yake ni kwamba kwa Kihaya, wimbo ndio mlango karibu pekee wa kuingia redioni. Kwa watu wengi wa Dodoma au Tanga, mara ya kwanza kusikia Kihaya kwa dakika kadhaa mfululizo ilikuwa ni sauti ya Saida Karoli.

Sikio linajua nini kabla ya kuelewa maneno?

Linajua mengi kuliko unavyodhani. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi kwenye jarida la Current Biology. Waliwachezea watu 750 kutoka nchi 60 vipande vya sekunde 14 vya nyimbo za jamii 86 ndogondogo za duniani, kisha wakawauliza: unadhani wimbo huu ni wa kazi gani? Wasikilizaji hawakujua lugha wala utamaduni wa nyimbo nyingi kati ya hizo. Hata hivyo walizitambua vizuri nyimbo za kucheza na za kubembeleza watoto. Zilizowashinda ni nyimbo za mapenzi.

Rudi sasa kwenye Maria Salome. Anayesikiliza bila kujua Kihaya hapati maana ya beti, lakini mwili wake umeshapata taarifa: hii ni ya kucheza. Mdundo unaeleweka bila mkalimani. Anachokosa ni kilekile walichokosa wale watu 750, yaani nani anaambiwa nini, na kwa hisia gani.

Halafu kuna suala la kurudiarudia. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliwaonyesha watu maneno ambayo hawakuyajua, mengine mara chache na mengine mara nyingi, akawaambia wakisie kama kila neno lina maana nzuri au mbaya. Maneno waliyoyaona mara nyingi zaidi yalikisiwa kuwa na maana nzuri zaidi! Hakuna aliyeelewa chochote. Mazoea tu yalitosha. Kwa hiyo wimbo wa lugha usiyoijua, ukipigwa redioni asubuhi, dukani mchana na kwenye basi usiku, unaanza kuonekana kama unasema jambo zuri.

Kingine, Kihaya si lugha ngeni kabisa kwa Mswahili. Zote mbili ni za Kibantu. Mtu ni *omuntu*, nyama ni *enyama*, mtoto ni *omwana*. Hiyo irabu ya mwanzo ndiyo inayoipa lugha ladha yake. Sikio la Mtanzania linapita humo kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya shangazi: hajui kila chumba, ila mpangilio anautambua. Ukivuka mpaka kwenda Uganda hali ni nzuri zaidi, kwa sababu Kihaya kiko kundi moja na Runyankore, Rukiga na Runyoro. Huko baadhi ya wasikilizaji walielewa zaidi kuliko Watanzania wa pwani, na Saida Karoli akapata mashabiki wengi.

Mpini wa Kiswahili

Sasa tufike kwenye kiini. Wimbo huu una majina mawili. La kwanza ni Maria Salome. La pili, ambalo watu wengi wamelishika, ni Chambua kama Karanga. Hilo ni Kiswahili kitupu.

Fikiria jembe. Chuma ndicho kinacholima, lakini bila mpini hulishiki. Beti za Kihaya ni chuma. Maneno matatu ya Kiswahili ni mpini. Msikilizaji wa Morogoro hakuweza kwenda dukani akaomba kanda kwa kutaja ubeti wa Kihaya, lakini aliweza kusema "nipe ile ya karanga". Jina la mtu na tendo ambalo kila nyumba inalijua vilitosha kuutambulisha wimbo, kuuagiza na kuusimulia.

Tatizo ni kwamba mpini ukishikwa sana, chuma husahaulika. Kwa mtindo huu kumbukumbu ya umma ilianza kuupunguza wimbo siku ileile ilipoupenda. Kilichosafiri mbali ni kiitikio. Beti zilibaki Kagera.

Kuwashwa upya

Huwa tunadhani wimbo unaodumu ni ule ambao haukuzimika. Historia inaonyesha vingine: nyimbo nyingi zinazodumu zilizimika, kisha zikawashwa tena. Chukua Bohemian Rhapsody ya Queen, iliyotungwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa 1946. Ulitoka 1975 ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Mercury alipofariki Novemba 1991, ukarudi namba moja. Mwaka 1992 filamu ya vichekesho ya Wayne's World ikauwasha Marekani, na 2018 filamu yenye jina la wimbo huo ikauleta kwa watoto ambao wazazi wao walikuwa bado shule ulipotoka. Nao una maneno ambayo wapenzi wake wengi hawayaelewi, likiwemo moja la Kiarabu ambalo kila Mzanzibari analijua.

Lakini angalia tofauti. Kila mara Bohemian Rhapsody ilipowashwa, iliyorudi ilikuwa rekodi ileile, sauti ileile, maneno yaleyale.

Malaika ilipita njia nyingine. Fadhili William wa Kenya aliirekodi miaka ya 1960, kisha Miriam Makeba akaibeba, ikaingia kwenye albamu yake na Harry Belafonte ya 1965, na 1981 Boney M nao wakaiimba. Waimbaji walibadilika, ila Kiswahili chake kilisafiri nacho. Kilichogombaniwa ni mtunzi: Adam Salim naye alidai wimbo ni wake, na mabishano hayo yameishi muda mrefu. Fadhili William alifariki 2001, mwaka uleule ambao Maria Salome ilikuwa inaanza safari.

Maria Salome iliwashwa upya Septemba 2016, Diamond Platnumz alipotoa Salome akiwa na Rayvanny. Wimbo ulilipuka. Waliozaliwa baada ya 2001 waliusikia jina hilo kwa mara ya kwanza, na wengi wakarudi YouTube kumtafuta Saida Karoli, ambaye mwaka uliofuata alikuwa na wimbo mpya, Orugambo. Hilo ni jema, tusilibeze. Ila tazama kilichobebwa: jina, kiitikio, na ule mzuka wa ngoma. Beti mpya kwa sehemu kubwa ni za Kiswahili. Yaani toleo la 2016 liliuchukua wimbo pale ambapo kumbukumbu ya umma ilikuwa imeufikisha, kwenye mpini. Diamond hakuanza kuukata. Sisi wasikilizaji tulikuwa tumeshaukata.

Kinacholindwa na kisicholindwa

Utasema, si kuna hakimiliki? Ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na ilitambua hata sanaa za jadi za jamii. COSOTA ilianzishwa chini ya sheria hiyo. Lakini sheria inalinda haki ya mtu juu ya kazi. Hailazimishi mtu yeyote kuelewa lugha ya kazi hiyo. Wimbo unaweza kulipiwa kila senti, ukasajiliwa, ukatajwa, na bado maana ya beti zake ikapotea.

Hatari hiyo haiko mbali. Nimekulia Maruku, jirani na kituo cha utafiti wa kilimo ambako aina za migomba hutunzwa shambani ili zisitoweke. Kila mmoja huku anaelewa kwa nini: aina ikishapotea, huwezi kuirudisha kwa kuitaja jina. Kwenye harusi zetu vijana wa rika langu wanauimba wimbo huu kwa sauti ya juu kwenye kiitikio na kwa kumung'unya kwenye beti, sawasawa na mgeni kutoka Dar. Na hawa ni Wahaya.

Kuna kazi ya mfano. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Kihaya 1950 alipopita Tanganyika na mitambo yake. Baadaye Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachambua tenzi za waimbaji wa enanga, lile zeze la mbao la wakubwa wa Buhaya, na mwaka 1983 akachapisha hoja kwamba hizo ni tendi kamili. Alifanya kile ambacho rekodi peke yake haifanyi: aliandika maneno, akayaeleza, akayaweka mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuyasoma. Nyimbo zetu za kanda na za YouTube bado zinasubiri mtu wa aina hiyo, ingawa mashabiki wake ni wengi kuliko wa enanga.

Huhitaji shahada kuanza. Kama una bibi, mjomba au jirani anayejua Kihaya, mchezee rekodi ya 2001, simamisha kila mstari, muulize unasema nini na unasemwa wakati gani. Andika anachosema, hata kama wawili wakitofautiana, hasa wakitofautiana. Kuchambua karanga ndiyo kazi yenyewe: unatoa ganda ili ufikie punje. Sisi tumekuwa tukicheza na ganda, na waliokuwa watu wazima 2001 wanazidi kuzeeka.