Mtoto wa Unguja Anaimba Peke Yake

Tarehe 29 Aprili 1985 ilitoka Uingereza santuri moja iitwayo Mr. Bad Guy. Mwenyewe ni Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, na kwa mara ya kwanza jina juu ya jalada la santuri nzima lilikuwa lake tu, bila wenzake watatu. Hapa kwetu hakuna aliyeshtuka. Dar es Salaam ya mwaka 1985 ilikuwa na redio moja ya taifa, televisheni Bara hakuna, bidhaa kwa foleni, na Mwalimu alikuwa anajiandaa kung'atuka mwezi Novemba. Nani angekuwa na habari na mzungu mwenye masharubu anayelilia upweke wake?

Kumbe si mzungu, ndugu msomaji. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake ni Waparsi waliotokea India, na baba mtu, Bomi, alikuwa keshia katika serikali ya mkoloni. Mtoto akiwa na miaka kama minane hivi akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, mbali kabisa na mama, na huko akawa mpiga piano wa kijibendi cha wanafunzi kilichoitwa The Hectics. Akarudi Unguja mwaka 1963. Hakukaa. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, familia ikafunga virago ikaenda kuishi Feltham, kando ya London. Alikuwa na miaka 17.

Kijiweni kwetu Mbezi Beach, upande wa Tangi Bovu, ubishi juu ya jamaa huyu hauishi. Wapo wanaosema ni wetu, damu ya bahari hii hii. Wapo wanaojibu: "Mshikaji mwenyewe hakupenda hata kututaja, nyie mnamng'ang'ania wa nini?" Ni kweli, Zanzibar aliisema kwa nadra sana mbele za watu, na jina la Bulsara alilivua mapema. Lakini mimi naona ubishi huo unaanzia pabaya. Pasipoti haiimbi. Tuisikilize santuri.

Aliirekodi mjini Munich, Ujerumani, katika studio za Musicland, kati ya mwaka 1983 na 1985. Fundi mitambo alikuwa Reinhold Mack, gitaa kapiga Paul Vincent, ngoma Curt Cress. Nyimbo 11, zote katunga mwenyewe, na piano kashika mwenyewe. Nyingine ni za disko tu, za kurusha miguu, na wapenzi wa roki walinuna, hizo nazipita. Zenye uzito ni zile ambazo mtu mwenye kila kitu anajisemesha usiku. Living on My Own inazungumzia kuishi peke yako, na ndani yake bado mtu anakazana kutafuta siku njema. There Must Be More to Life Than This inauliza kama maisha ndiyo haya tu, au kuna zaidi. Huu wa pili alijaribu kuuimba na Michael Jackson mwaka 1983, haukumalizika. Sauti zao mbili zilitoka hadharani mwaka 2014, wote wawili wakiwa marehemu. (Na santuri yenyewe aliitabaruku kwa paka wake. Sicheki, hata mimi ninaye mmoja.)

Sasa fikiria jambo hili lilivyokuwa geni kwetu. Miaka ile mwanamuziki wa Dar alikuwa mtu wa bendi, na bendi nayo ilikuwa na mwenyewe. Juwata Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Vyombo ni vya bendi, kurekodi ni Redio Tanzania, na mada nyingi ni za wote: mapenzi, mawaidha, kazi, taifa. Mwimbaji akitoka, anatoka na koo lake tu, anaingia bendi nyingine. Kusema "mimi, peke yangu, usiku huu, nina shaka na maisha yangu" kwenye kanda nzima, nani angekulipia?

Aliyelikaribia hilo, kwa maoni yangu, ni Remmy Ongala. Naye ni mhamiaji. Alizaliwa Kindu, Kongo, akafika Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba kifo, umaskini na sura yake mwenyewe bila kuficha, hadi Peter Gabriel akamrekodi Uingereza na santuri ikatoka mwaka 1989.

Na hawa wawili wanakutana pabaya zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, mwaka ule ule Freddie alipoanza kazi Munich. Remmy akatoa Mambo kwa Soksi, kuwahimiza watu watumie kondomu, na redio ikakataa kuupiga. Freddie alitangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba 1991, kesho yake akafa, miaka 45. Mmoja alilisema mapema, akazibwa mdomo; mwingine alinyamaza hadi saa ya mwisho. Sithubutu kumhukumu aliyenyamaza. Mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka huko Unguja ilifutwa baada ya jumuiya ya Uamsho kupinga, kwa sababu ya wanaume aliowapenda. Aliyajua hayo, nadhani, tangu akiwa hai. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Shangani.

Hapa mtaani leo kijana ana kompyuta na kipaza sauti chumbani, anatunga, anaimba, anarekodi, na bendi haihitaji. Nawasikia usiku nikipita. Wengi wanaimba magari. Wachache wanaimba shaka.

Living on My Own, ilipotoka kama singo mwaka 1985, haikufika mbali Uingereza. Mwaka 1993 mafundi wakaibadilisha mdundo, ikashika namba moja. Mwenyewe alikuwa marehemu karibu miaka miwili, na wimbo wa upweke wake ukajaza kumbi za disko.